Kaimu Bibi wa Kinamasi

Ipo nchi moja ambayo haionekani kwenye ramani, na wenyewe husema ni kwa sababu za usalama. Haina bahari wala ziwa, lakini ina Jeshi la Majini, tena lenye bendi. Kwa miaka mingi jeshi hilo liliishi katika ghorofa moja mjini, juu ya duka la magodoro, mabaharia wakipigiana saluti kwenye ngazi na kuwapisha wateja waliobeba magodoro yao. Siku moja Mtukufu Rais akaona manowari za watu kwenye televisheni, roho ikamuuma, akaamuru kambi ya wanamaji ijengwe mara moja, mahali penye maji.

Penye maji palikuwa mahali pamoja tu, kinamasi cha Lutale. Wahandisi wa jeshi walikwenda, wakatazama, wakarudi na taarifa kwamba mahali ni pazuri sana isipokuwa maji. Basi maji yakaondolewa. Kijito kilichokuwa kikiyaleta kikajazwa mawe, mafunjo yakachomwa, zege likamwagwa kutoka upande huu hadi upande ule. Halafu manowari ya taifa iitwayo Uvumilivu ikakokotwa na trekta, ikaegeshwa juu ya zege, ikashushwa nanga ili isije ikachukuliwa na mawimbi.

Katikati ya kinamasi hicho aliishi bibi mmoja, jina lake Kalunde, katika nyumba ya mafunjo juu ya kichuguu. Alisuka mikeka, na kila asubuhi aliwasha moto wake wa uji. Alipoambiwa atoke alikataa. Wakamwambia tena, akakataa tena, na tingatinga lilikuwa na ratiba.

Siku hiyo alikuwapo Bwana Kisandu, Afisa Mwandamizi wa Wizara ya Unyevu, kofia ya plastiki kichwani. Kisandu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye mke, mwenye kiti cha kuzunguka ofisini, na hamu ya kiti kikubwa zaidi. Aliuona moshi wa Bibi Kalunde ukifuka juu ya nyumba wakati tingatinga linaingia. Akafikiri mtu mwingine atasema. Usiku ule ugali ulimkaa kooni, mkewe akadhani nyama ilikuwa ngumu.

* * *

Sasa, nchi hiyo ilikuwa na sheria nzuri sana za mazingira. Wafadhili walizileta zikiwa tayari zimechapwa, na kazi ya bunge ikawa kupiga makofi. Sheria moja ilisema kwamba anayeharibu ardhi oevu atengeneze nyingine kama ileile mahali pengine. Kilichokuwamo kule na huku kiwemo. Wafadhili waliposikia habari za Lutale walizuia misaada yote, ikiwa ni pamoja na matairi ya magari ya mawaziri, na serikali ikagundua kwamba inavipenda sana vinamasi.

Kikao kikaitishwa chini ya Jenerali Bulemela, Mkuu wa Jeshi la Majini, mtu shujaa aliyeogopa hata beseni. Wajumbe wakataja kilichopotea ili kifidiwe. Mmoja akataja mafunjo, mwingine vyura, mwingine korongo na kijito na makunjo yake yote. Kila kilichotajwa kikakubaliwa. Jenerali alikuwa anafunika kalamu yake Kisandu aliponyoosha mkono. Lile donge la ugali lilikuwa halijashuka.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo, "na yule bibi?"

Kisandu alitaka tu kusema kwamba pengine ndugu zake watafutwe, waambiwe, waweke matanga. Hakupata nafasi. Jenerali alisimama macho yakiwa na machozi.

"Ndugu wajumbe! Huyu kijana ametukumbusha utu wetu. Serikali hii haijawahi kumpoteza mwananchi bila kuweka mwingine mahali pake. Tulipoteza bibi? Tutapata bibi! Bibi kwa bibi! Na asiwe chini ya ubora wa yule wa kwanza!"

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye picha ya Rais. Kisandu aliyasikia yakimpata yeye, na lazima tuseme ukweli, yalikuwa matamu. Alikaa chini bila kufafanua.

Likabaki suala la wapi. Kila mjumbe aliyekuwa na shamba mahali fulani alieleza kwa ufasaha kwa nini pale hapafai. Bonde moja tu halikupata mtetezi, bonde la Igoko, kwa kuwa mwenyeji wake alikuwa amekwenda msalani. Kisandu aliporudi, huku akifuta mikono kwa leso, alipigiwa makofi mara ya pili. Alitabasamu kwanza, kisha akauliza wanampongeza kwa nini.

* * *

Igoko palikuwa kwao. Palikuwa na mtama, mbuzi, na mama yake, Bi. Minza, aliyeishi peke yake tangu mumewe afariki. Kaburi la mzee lilikuwa mbele ya mlango, kama ilivyo desturi ya watu wa pale, na kila asubuhi kabla hajanywa chochote Bi. Minza alimwagia marehemu togwa kidogo, akamsalimu, akamweleza habari za jirani. Hakuwahi kuruka siku. Alisema mwanamume aliyelala chini huwa na kiu zaidi ya aliyesimama.

Jeshi likaziba bonde kwa tuta. Kijito kikachimbwa upya ili kipate makunjo ya Lutale, lakini ramani ilitundikwa juu chini, kikaishia kupanda mlima. Jenerali hakubabaika. Aliweka kikosi cha askari wenye ndoo, wakawa wanayachota maji bondeni na kuyamwaga kileleni kwa zamu, na kijito kikatiririka kwa amri. Vyura waliletwa kutoka kila wilaya. Wakuu wa wilaya walishindana kuleta wanene, wakafunga safari na vyura wao kwenye viti vya mbele, na waliowahi kufa njiani walizikwa kwa heshima za wilaya.

Wanakijiji wakahamishiwa mlimani, kwenye mawe, isipokuwa Bi. Minza. Vikongwe vingine vilikuwapo pale Igoko, lakini kikao kiliona ingekuwa aibu nafasi ya kitaifa kupewa mtu wa mbali wakati mtaalamu mwenyewe ana mama.

Kisandu alikwenda kumweleza. Akamkuta ameketi juu ya mzigo wa nguo, sufuria zimefungwa kamba, jogoo yuko kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeshafunga. Mimi na serikali hatuna ubishi. Nitamuaga baba yako, twende."

Luteni Gwassa, kijana nadhifu aliyesimamia mradi, alikohoa. "Samahani, bibi. Wewe umekataa kutoka."

"Sijakataa, mwanangu. Mzigo huu hapa."

"Bibi Kalunde alikataa. Hatuwezi kumfidia bibi aliyekataa kwa bibi aliyekubali. Wafadhili watasema tumewapa bibi pungufu."

Bi. Minza akamtazama mwanawe. Kisandu akatazama viatu vyake.

"Ni kwa muda tu, mama," akasema. "Sema umekataa. Maji yatafika magotini, hayapiti hapo. Mkaguzi akija akaondoka, siku hiyohiyo nakutoa mwenyewe. Nakuapia kaburi la baba."

"Usiape kwa mtu utakayemzamisha," akasema mama yake, bila ukali. Kisha, kwa kuwa mwanawe alikuwa anatetemeka mdomo, akamhurumia. "Haya. Nisemeje?"

Wakamfundisha. Alitakiwa kutikisa ngumi na kusema hatoki hata kwa mtutu. Kila akifika kwenye ngumi alicheka, maana maishani mwake hajawahi kumtikisia mtu ngumi, na jogoo naye akawa anawika. Luteni Gwassa alivumilia, halafu akachukua redio yake ya upepo.

"Inatosha," akasema, na kwenye redio akatoa taarifa: "Bibi amekataa."

* * *

Maji yakaja. Yalifika magotini kama Kisandu alivyoahidi, na kwa kuwa hakuna aliyeyaambia kuhusu ahadi hiyo, yakaendelea kidogo. Kaburi la mzee likazama. Bi. Minza akawa anatoka mlangoni asubuhi, anamwaga togwa juu ya maji, anaitazama ikisambaa. Alilala juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali na moto wake aliuwasha ndani ya sufuria iliyoning'inizwa. Moshi ulikuwa wa lazima. Lutale kulikuwa na moshi.

Mkaguzi wa wafadhili alifika akiwa na mabuti mapya na macho yenye huruma. Alipitishwa kwa mtumbwi kati ya mafunjo yaliyopandikizwa juzi. Vyura waliimba, na pale walipopungua bendi ya Jeshi la Majini iliwasaidia kwa matarumbeta kutoka nyuma ya matete. Kule kileleni askari walimwaga ndoo zao bila kutoa sauti. Mkaguzi alipouona moshi aliushika moyo wake.

Akaomba kumsalimu bibi. Kisandu ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Anauliza unajisikiaje hapa," Kisandu akasema.

"Mwambie miguu yangu imeanza kuoza," akajibu mama yake. "Mwambie nimechoka, nataka kwenda kwa dada yangu."

Kisandu akamgeukia mgeni. Alimwambia kwamba bibi anasema miguu yake imeota mizizi mahali hapa, na kwamba hata dada yake akimwita, haendi.

Mkaguzi akalia waziwazi. Alimpiga bibi picha, akampiga tena akiwa na jogoo. Jioni yake akatoa cheti: kinamasi cha Igoko ni kamili, pamoja na bibi yake, nacho kitunzwe hivyohivyo kwa kizazi kizima. Siku kinamasi kitakapoonekana bila bibi, cheti kitafutwa na kambi ya Lutale itabomolewa.

Matairi yakarudi. Kisandu akawa Mkurugenzi, akapata kile kiti kikubwa. Alikizungusha mara moja, kikalia, na tangu siku hiyo hakupenda kukikalia.

* * *

Alikwenda kwa Jenerali kumwombea mama yake ruhusa.

"Mtoe," Jenerali akasema kwa ukarimu. "Nani atamzuia mtoto kumchukua mama yake? Ila saa ileile uweke bibi mwingine. Kinamasi hakiwezi kulala bila bibi. Huna mkwe wewe?"

Kisandu aliona haya kwa siku kadhaa. Halafu akanunua kanga doti mbili, sukari na majani ya chai, akaenda ukweni. Mama mkwe alimpokea vizuri, akamtandikia mkeka, na kwa adabu ya pale akakaa mbali naye akiwa amegeuza uso. Kisandu akaanza kusifia hali ya hewa ya Igoko. Akasema kuna ubaridi mzuri, hakuna vumbi kabisa. Mama mkwe akasikiliza mpaka akaelewa, akaitupa adabu yote akamgeukia.

"Kisandu! Binti yangu ulimposa kwa ng'ombe. Mimi unataka kunizamisha kwa sukari?"

Alimrushia kanga zake, zikafuatwa na sukari, zikafuatwa na mchi. Mkewe naye aliposikia akahamia kwa mama yake na watoto wote. Kisandu akarudi kwenye nyumba yenye mwangwi.

Masika yalipoanza alikwenda Igoko bila kumwambia mtu. Kutoka kwenye tuta alitazama na hakuona moshi. Alipiga kasia mwenyewe, vibaya, huku akizungukazunguka. Bi. Minza alikuwa ameketi kitandani, miguu ndani ya maji, kibuyu cha togwa kimeinama mkononi. Alikuwa amekwisha kuwa wa baridi. Togwa ilikuwa haijamwagwa, kwa hiyo siku hiyo baba naye hakusalimiwa.

Kisandu alilia. Alilia kwa sauti, alimwita mama, alimwomba radhi kwa kila jina alilowahi kumwita tangu utotoni, akaibusu miguu ile ambayo hakuitafsiri. Hapakuwa na mkalimani wa kuibadilisha sauti hiyo. Kama kuna wakati msimulizi wa habari hizi alimpenda Kisandu, ni wakati huo.

Kisha akampigia Jenerali simu.

"Amekufa kwa kibali cha nani?" Jenerali akauliza.

"Mheshimiwa, nataka nimzike. Ninyoe nywele, niite watu, tuweke matanga."

"Ukiita watu, cheti kimekwenda. Cheti kikienda, kambi imekwenda. Unataka taifa likose Jeshi la Majini kwa sababu ya nywele zako? Sikiliza, Mkurugenzi. Bi. Minza hajafa. Bi. Minza yuko likizo. Nani anamkaimu?"

Kisandu akamtazama jogoo.

"Nani anaijua nyumba? Nani anamjua jogoo? Nani ana sura kama yake?" Jenerali akashusha sauti, akawa mpole kama baba. "Ni kwa muda tu, mwanangu."

Barua ikaja na mtumbwi jioni ileile, imepigwa muhuri: Mkurugenzi Kisandu ameteuliwa kuwa Kaimu Bibi, na ofisini ihesabiwe kwamba yuko safari ya kikazi. Alimzika mama yake juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, peke yake, kwa jembe la kuazima. Nywele hakunyoa, maana kunyoa ni kutangaza msiba. Alinyoa ndevu.

* * *

Mtu huzoea. Kaimu Bibi alijifunga kanga za marehemu, akajitanda, akajifunza kuinama. Asubuhi aliwasha moto ndani ya sufuria. Watalii wa wafadhili walipopita kwa mbali na darubini zao aliwapungia mkono, nao wakampungia. Na kabla hajanywa chochote alimwaga togwa mara mbili, mlangoni kwa baba na nyuma kwa mama, akiwaeleza habari. Habari zenyewe zilikuwa zilezile kila siku: mchakato wa kumpata bibi wa kudumu unaendelea. Miguu ilianza kuwasha, halafu ikaacha, na kuacha kwake ndiko kulikomtisha.

Wakati huohuo kule Lutale mambo yalikuwa hayaendi. Mabaharia walilalamika kwamba zege linachoma. Rais alikuja kukagua manowari, akauliza maji yako wapi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukumbuka. Jenerali akapiga saluti, akasema maji yapo, Mtukufu, yako Igoko, mengi, mapya kabisa. Rais akafurahi. Akaamuru kambi ihamie huko mara moja. Wahandisi wa jeshi walikwenda, wakatazama, wakarudi na taarifa kwamba mahali ni pazuri sana isipokuwa maji.

Kaimu Bibi hakuwa na redio. Aliamka siku moja akaona maji yanashuka. Yalishuka mpaka kizingiti kikaonekana, mpaka kaburi la baba likatoka na tope lake. Alipiga magoti akalifuta kwa upindo wa kanga, akicheka na kulia. Akaona mchakato umekamilika. Akafunga mzigo: nguo, kibuyu, jogoo kwapani. Aliposikia ngurumo upande wa tuta alijua wanamleta bibi wa kudumu.

Lilikuwa tingatinga. Mbele yake alisimama Luteni Gwassa, nadhifu vilevile, sasa akiwa Kapteni, ameshika kipaza sauti.

"Bibi! Kwa heshima zote, Serikali inakuomba utoke, ujenzi wa taifa unaanza!"

"Natoka!" Kisandu akapiga kelele, akikokota miguu kwenye tope. "Natoka, mzigo huu hapa! Gwassa, ni mimi! Mkurugenzi Kisandu!"

Gwassa alimtazama. Alimjua. Waliwahi kula pamoja, waliwahi kumfundisha bibi mmoja kutikisa ngumi. Akashusha kipaza sauti, akasema polepole kama mtu anayemwelewesha mzee.

"Mkurugenzi yuko safari ya kikazi, bibi. Na wewe kwenye cheti ni bibi aliyekataa. Nikiondoa bibi aliyekubali, wafadhili watauliza yule aliyekataa yuko wapi. Nitawajibu nini?"

"Nimekubali, jamani! Nimekubali!" Alivua ushungi, nywele zake ndefu za msiba ambao haukutangazwa zikamwangukia usoni, na kwa sura hiyo alifanana na mama yake kuliko alivyowahi kufanana naye. Akatikisa ngumi kwa hasira. Alitikisa vizuri sana.

Gwassa akachukua redio yake.

"Bibi amekataa," akasema.

Jogoo aliruka. Dereva akatia gia. Pembeni, juu ya tuta, alisimama afisa mpya wa Wizara ya Unyevu, kijana wa heshima, kofia ya plastiki kichwani. Aliuona moshi wa asubuhi ukiwa bado unafuka juu ya nyumba. Akafikiri mtu mwingine atasema.